Miungu ya mezani: Ni kitabu kipi kimfaacho mbunifu wa Nyakach?

VIJANA watano wameketi kuzunguka meza. Mmoja ndiye msimulizi, na wengine kila mmoja ameshika nafasi ya mhusika wake: mpiga mkuki, mganga, mwizi, mwana wa mfalme aliyefukuzwa kwao. Hakuna karata wala ubao wa drafti. Kuna karatasi, penseli, dadu na maneno. Mhusika akitaka kuvuka mto uliofurika, mchezaji hurusha dadu, na tarakimu inayotokea huamua iwapo atafika ng'ambo au atachukuliwa na maji.

Mchezo wa aina hii ulipata umbo lake mwaka 1974, Wamarekani Gary Gygax na Dave Arneson walipouchapisha ule uitwao Dungeons & Dragons. Tangu wakati huo umezaa ndugu wengi, na wachezaji wengi hawaridhiki tena na ulimwengu ulioandaliwa na watu wengine. Hupenda kubuni wao wenyewe nchi, falme, masoko na vita. Na mara tu nchi hiyo ya kubuni inapopata wakulima, swali moja huchomoza ambalo dadu haliwezi kulijibu: je, mvua ikikawia, watu hawa humwomba nani?

Hapo ndipo mbunifu anapohitaji vitabu, na hapo ndipo uchaguzi mbaya huponza kazi nzima.

Vitabu vya kwanza vilivyotolewa mahsusi kwa haja hii viliandikwa na Robert Kuntz na James Ward. Walianza na kijitabu cha mwaka 1976, kisha mwaka 1980 kikafuata kitabu kikubwa zaidi kiitwacho Deities & Demigods. Ndani yake walikusanywa miungu wa Wagiriki, Wamisri, Wahindi, Wachina, Wajapani, Wafini, watu wa Skandinavia na wengineo. Kila mungu alipewa silaha zake, ngazi yake na idadi ya alama za uhai, kama wanavyopewa majoka na majitu ya mchezo. Zeus alipangiwa alama 400. Maana yake ni kwamba mchezaji mwenye upanga mzuri na bahati ya dadu angeweza kumwua.

Sihitaji kumkumbusha msomaji kwamba mungu anayeuawa kwa dadu ni mnyama mkubwa tu mwenye jina la heshima. Hata hivyo, kitabu hicho kiliacha alama yake. Wabunifu wengi waliokuja baadaye walijifunza kutoka kwake kuwa dini ni jedwali: jina, eneo la mamlaka, silaha, ishara, alama. Mungu wa radi, mungu wa bahari, mungu wa mapenzi, mungu wa vita. Kisanduku kikibaki kitupu, hutafutwa mtu wa kukijaza.

Kusini mwa Sahara hakukuwa na hata jamii moja iliyopewa ukurasa katika chapa ile ya 1980. Pengo hilo lilishughulikiwa na wengine baadaye, na jaribio lililojulikana zaidi ni Nyambe: African Adventures, kitabu cha Chris Dolunt kilichotolewa Marekani mwaka 2002. Mwandishi alifanya bidii ya haki kuionyesha Afrika kuwa bara lenye falme, elimu na dini, si msitu wa kuwindia. Lakini miungu wote wa ulimwengu wake aliwaita orisha. Hilo ni neno la Wayoruba wa Nigeria na Benin, na kwa mtu wa Pap Onditi ni geni sawasawa na majina ya miungu wa Ugiriki.

Sasa tuchukue kijana wa hapo Pap Onditi, katika eneo la Nyakach, Kaunti ya Kisumu. Ana simu, ana marafiki wanne, na ana wazo la kubuni ulimwengu wa mchezo unaofanana na nchi anayoiona kila siku: uwanda unaofurika mvua zikizidi, mto Sondu unaoshuka kwa kishindo kuelekea ziwani, na ukingo wa Nyabondo uliosimama kama ukuta. Anataka miungu inayofaa mahali kama hapo. Afungue kitabu gani?

Jibu la haraka atakalopewa ni ensaiklopidia ya miungu wa dunia. Zipo nyingi, nene na zenye picha. Shauri langu ni kwamba aiache rafuni, angalau mwanzoni, na sababu yake inaelezwa vyema na kisa kimoja kilichotokea kwa binamu wa Wajaluo, Waacholi wa kaskazini mwa Uganda.

Kisa hicho kimesimuliwa na Okot p'Bitek, mshairi na msomi ambaye mwishoni mwa miaka ya 1960 alifanya kazi mjini Kisumu katika idara ya masomo ya nje ya chuo kikuu. Anaeleza kuwa mwaka 1911 mapadri wa Kiitaliano waliwakusanya wazee wa Kiacholi na kuwauliza ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na neno la kuumba kitu kutoka pasipo kitu, kwa hiyo swali likageuka kuwa: nani aliyewafinyanga? Wazee walishangaa, kwani kila mtu anajua kuwa binadamu huzaliwa na mama yake. Walijibu kuwa hawajui. Mapadri wakashikilia wapewe jibu. Ndipo mzee mmoja akakumbuka kwamba mtu aliyezaliwa mzima anaweza kushikwa na kifua kikuu cha uti wa mgongo, akapinda na kupata kibyongo, kana kwamba amefinyangwa upya. Pepo aliyesadikiwa kuleta ugonjwa huo aliitwa Rubanga. Mzee akasema basi, anayewafinyanga watu ni Rubanga.

Jina hilo likaandikwa. Likaingia katika mahubiri na sala, na hadi leo Waacholi wengi humwita Mungu kwa jina hilo. Wapo wataalamu wanaoona linafanana na Ruhanga, muumba wa Wanyoro walio jirani, na hivyo huenda mambo hayakuwa mepesi kama p'Bitek alivyoyasimulia. Lakini funzo lake kwa mbunifu halibadiliki: swali lililoulizwa vibaya lilizaa mungu, na kitabu kikamhifadhi.

Ensaiklopidia itakuambia: Rubanga, mungu muumba, Uganda. Mstari mmoja. Haitakuambia habari za mapadri, za wazee waliochoshwa na maswali, wala za kibyongo. Na kwa msimulizi wa mchezo, kisa chenyewe ndicho chenye utajiri. Jina ni ganda tu.

Kwa sababu hiyo, kipimo changu cha kitabu cha rejea ni hiki: je, kinaeleza ni nani aliuliza, nani alijibu, na watu walifanya nini kesho yake asubuhi? Kitabu kinachojibu maswali hayo hata kwa jamii moja tu kina faida kuliko kinachotaja miungu elfu mbili kwa mstari mmoja mmoja.

Tukitumia kipimo hicho kwa Wajaluo wenyewe, kijana wetu atagundua jambo litakalomkatisha tamaa kwanza na kumfurahisha baadaye. Hakuna baraza la miungu. Yuko Nyasaye, ambaye jina lake huhusishwa na kitenzi cha kusihi na kuomba, na ambalo majirani Waluhya pia hulitumia. Ana majina ya sifa: Nyakalaga, aliye kila mahali, Wuon Koth, mwenye mvua, Jachwech, mfinyanzi. Anayetaka kujaza jedwali anaweza kushawishika kuwafanya hawa kuwa miungu watatu. Itakuwa sawa na mgeni kudhani kwamba Rais, Amiri Jeshi Mkuu na Mheshimiwa ni watu watatu tofauti.

Kisha wako juogi. Hili ni neno zito, na ndilo linalohitaji vitabu vizuri. Wasomi wawili wa Kiluo wenyewe hawakupatana juu yake. Marehemu Profesa Bethwell Ogot, katika makala yake ya mwaka 1961 kuhusu dhana ya jok, aliliona kama kiini cha uhai na nguvu iliyomo ndani ya vitu na watu, yenye kuunganisha mengi. P'Bitek, katika Religion of the Central Luo cha mwaka 1971, alisisitiza kuwa jogi ni wengi, kila mmoja ana jina, makao na tabia yake, na kwamba wanaowatafutia Waafrika Mungu mmoja mkuu huwavisha mavazi ya kuazima kutoka kwa Wagiriki na Wakristo. Lawama hiyo ilimgusa hata John Mbiti, padri wa Kianglikana mzaliwa wa Kitui, ambaye kitabu chake Concepts of God in Africa cha mwaka 1970 kilikusanya majina na sifa za Mungu kutoka mamia ya jamii za bara hili.

Nani alikuwa na haki? Makala haya hayawezi kuwaamua. Kwa mbunifu wa mchezo, hata hivyo, ugomvi wao ni hazina, na ningemshauri asome Ogot na p'Bitek pamoja, wakikabiliana. Dini za kubuni katika vitabu vya mchezo huwa na kasoro moja kubwa, kwamba waumini wote hukubaliana. Kila mtu katika ufalme anajua mungu wa mvua anataka nini. Dini ya kweli haiko hivyo hata katika boma moja.

Lipo na jambo jingine ambalo vitabu vya orodha hulificha. Miongoni mwa Wajaluo, mtoto anaweza kupewa jina la marehemu wa ukoo aliyemtokea mtu katika ndoto, na jina hilo huitwa nying juogi. Desturi hiyo haijafa. Katika familia nyingi za Nyakach, Seme au Asembo utamkuta mtu mzima, msomi, mshiriki mwaminifu wa kanisa, anayebeba jina la babu aliyelidai. Mbunifu akichukua neno juogi, akaliandika kama jina la kiumbe chenye makucha na alama 30 za uhai, atakuwa amemwandika babu wa jirani yake katika orodha ya wanyama wa kuuawa. Odin hana wajukuu Pap Onditi watakaoudhika. Juogi wanao.

Mfano ulio karibu zaidi ni Omieri. Nyakach nzima inalijua jina hilo la chatu, na sifa zake zimevuka mipaka ya wilaya. Mwaka 1987 chatu aliyeitwa Omieri aliunguzwa na moto, wataalamu wa makumbusho wakajaribu kumtibu, akafa, na habari zake zikajaa magazetini. Mwaka 2003 chatu mwingine alionekana katika kijiji cha Wasare, huko huko Nyakach, na mjadala ukaanza upya. Kulikuwa na waliosema ujio wake ni baraka, ishara ya mvua na mavuno. Kulikuwa na waliosema ni nyoka tu, tena wa hatari kwa watoto na mbuzi. Na kulikuwa na waliomwona kwa macho ya kitabu cha Mwanzo, wakataka auawe.

Tazama jinsi kisa hiki kinavyompa msimulizi kila kitu. Hakuna mungu anayeshuka kutoka mawinguni. Yuko mnyama aliyeingia kichakani. Uzito wote uko katika vinywa vya watu: bibi mwenye kumletea kuku, mhubiri mwenye kukemea, ofisa wa wanyamapori mwenye kuhimiza utulivu, na wakulima wanaotazama anga. Mchezo mzuri unaweza kujengwa juu ya siku tatu za kijiji kama hicho bila dadu hata mara moja kuamua kama nyoka yule ni mtakatifu au la.

Kuna nyoka mwingine wa ziwani ambaye vitabu vyake vinatakiwa kusomwa kwa tahadhari. Mwaka 1913, Onyango Dunde wa Alego alisema kuwa joka kubwa lilitoka ziwani, likammeza, likamtema akiwa mzima, na kumtuma awaambie watu kuwa Mumbo ndiye mungu, na kwamba Wazungu watatoweka. Mafundisho hayo yalienea hadi Gusii, na serikali ya kikoloni ikayapiga vita na kuwahamisha viongozi wake mbali na kwao. Anayetaka kujua habari hizi atasoma kitabu cha Audrey Wipper, Rural Rebels, cha mwaka 1977, na makala ya wanahistoria wa Kenya waliolichunguza vuguvugu hilo kama upinzani dhidi ya ukoloni.

Lakini sehemu kubwa ya maneno ya Mumbo yaliyotufikia yalipitia mafaili ya maofisa waliokuwa wakitafuta sababu ya kuwakamata wafuasi wake. Ni kama kuandika tabia ya mtu kwa kutumia hati ya mashtaka pekee. Habari zimo, ila sauti ya mshtakiwa imepita katika kalamu ya polisi. Msomaji makini atajiuliza ni kipi wafuasi wa Mumbo walikuwa wakiimba wakati hakuna ofisa aliyekuwapo.

Ni ajabu kidogo kwamba anayetaka baraza kamili la miungu hahitaji kwenda Ugiriki. Anahitaji kuvuka ziwa lile lile. Wajaluo huliita Nam Lolwe. Waganda huliita Nnalubaale, jina linalobeba ndani yake neno lubaale, yaani wale miungu wao. Ng'ambo hiyo utakuta mahekalu, makuhani, watu wanaopandwa na mungu na kusema kwa niaba yake, koo zenye wajibu wa kutunza kila hekalu, na mfalme anayetuma zawadi huku akiwaogopa makuhani hao.

Kitabu chake mama ni The Baganda cha mmishenari John Roscoe, kilichotolewa mwaka 1911 kwa msaada mkubwa wa Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda. Roscoe anaeleza kwa kirefu habari za Mukasa, mungu wa ziwa, aliyekuwa na hekalu lake kuu katika kisiwa cha Bubembe huko Ssese. Mukasa alikuwa mpole. Alileta samaki, watoto na neema, na hakudai damu ya watu. Ndugu yake Kibuka alikuwa wa vita. Inasimuliwa kuwa mfalme Nakibinge alipozidiwa na Wanyoro aliomba msaada, na Kibuka akatumwa, akawa anapigana akiwa amejificha ndani ya wingu. Alikuwa ameonywa ajihadhari na wanawake wa adui. Hakusikia. Mwanamke mateka aliijua siri yake, akatoroka na kuwaambia watu wake, na siku iliyofuata wapiga mishale walilenga wingu. Kibuka alifia juu ya mti huko Mbale, Mawokota.

Msomaji wa Kano na Nyakach ameshatabasamu. Kisa hiki anakijua kwa jina jingine. Luanda Magere, shujaa wa Kano mwenye mwili wa jiwe, alioa binti wa Lang'o, mahasimu wake. Binti akagundua kuwa uhai wa mumewe umo kivulini, akawapelekea ndugu zake siri hiyo, nao wakakichoma mkuki kivuli. Mmoja ni mungu wa vita mwenye hekalu, mwingine ni binadamu aliyegeuka jiwe ambalo watu hulionyesha hadi leo. Mifupa ya kisa ni ile ile. Hiyo ndiyo faida ya kusoma vitabu viwili vizuri vya majirani: mbunifu anaanza kuona ni kipi kinachoweza kubebwa kutoka mahali hadi mahali na ni kipi kilichofungwa na ardhi yake. Siri ya udhaifu inasafiri. Jiwe halisafiri.

Kuhusu Roscoe, msomaji ajue pia kuwa masalio ya Kibuka yalipelekwa Uingereza kupitia mikono yake, yakawekwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge, na yakarudishwa Uganda mwaka 1962. Silitaji hili ili kitabu kiachwe. Ni kazi kubwa, na bila hiyo tungejua machache. Nalitaja kwa kuwa mwandishi aliyeweza kumsafirisha mungu ndani ya sanduku alikuwa tayari ameamua kuwa mungu huyo ni kitu cha kale. Uamuzi huo uko katika kila ukurasa, hasa katika vitenzi vyake vya wakati uliopita.

Kama ningelazimika kumpa kijana wa Pap Onditi kitabu kimoja tu, hata hivyo, nisingempa Roscoe. Ningempa Divinity and Experience cha Godfrey Lienhardt, cha mwaka 1961, kuhusu dini ya Wadinka wa Sudan Kusini, ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja wa mbali na Dholuo. Ni kitabu kigumu kidogo, na kurasa nyingine zinataka subira. Lienhardt hakuwauliza Wadinka wamtajie miungu. Aliishi nao mwishoni mwa miaka ya 1940, akaangalia ni wakati gani mtu hutaja jina la nguvu fulani, nani yuko karibu, ng'ombe wa rangi gani anafungwa kwenye kigingi.

Kwa hiyo Deng, anayehusishwa na mvua na radi, hatokei katika kitabu hicho kama cheo. Anatokea pale mawingu yanapokusanyika na kijana mmoja anapoanza kutetemeka. Abuk ni mwanamke wa kwanza, wa bustani na mito, mwenye kuhusishwa na nyoka mdogo. Macardit, mweusi mkubwa, ni ule mwisho mchungu wa mambo mema usio na maelezo ya haki. Hakuna kisanduku cha kumjaza Macardit. Hata hivyo kila mtu aliyewahi kuzika mtoto anamjua.

Evans-Pritchard alikuwa ameitangulia kazi hiyo kwa Nuer Religion mwaka 1956, nacho ni kitabu kizuri, ingawa mara nyingine Wanuer wake huzungumza kama wanatheolojia. Neno lao kwoth, linalotumika kwa roho na kwa Mungu, litamkumbusha msikilizaji koth ya Dholuo, yaani mvua. Aandike kufanana huko pembeni kwa penseli, si kwa wino: maneno mawili kulingana sauti si ushahidi wa undugu, na katika miaka mingi ya kusahihisha makala nimeona nadharia nyingi zilizosimama juu ya herufi moja.

Kwa lugha ya nyumbani, kipo kitabu cha Paul Mboya, Luo Kitgi gi Timbegi, cha mwaka 1938. Mboya alikuwa mchungaji wa Kiadventista kabla ya kuwa chifu wa Karachuonyo, na aliandika kwa Dholuo kuhusu mila na desturi kwa wasomaji waliokuwa bado wanazitenda. Faida yake ni kwamba hakuna neno lililotafsiriwa. Atakachokikosa msomaji ni yale ambayo mchungaji aliona si vyema kuyaandika, nayo yanajitokeza kwa ukimya wake. Hans-Egil Hauge alichapisha Luo Religion and Folklore mwaka 1974, na A. B. C. Ocholla-Ayayo akatoa utafiti wake kuhusu maadili na itikadi za Wajaluo wa kusini huko Uppsala mwaka 1976. Huyu wa pili ni muhimu kwa anayetaka kujua miiko, yaani ni tendo gani huleta chira na jinsi linavyotakaswa. Katika mchezo, miiko ina kazi kubwa kuliko mahekalu. Mchezaji anaweza kulikwepa hekalu. Mwiko unamfuata hadi jikoni.

Wala riwaya na hadithi fupi zisidharauliwe. Hadithi ya Grace Ogot kuhusu binti wa chifu anayetolewa sadaka kwa joka la ziwani ili mvua inyeshe, iliyomo katika Land Without Thunder cha mwaka 1968, inafundisha jambo ambalo wanaanthropolojia wengi hawakuligusa, nalo ni njia anayotembea mtu kutoka nyumbani kwao hadi ziwani akijua kinachomngoja.

Baada ya kusoma, kazi ya kubuni ianze kwa kubadilisha majina. Wabunifu wazuri wa huko ng'ambo walilijua hili mapema. Bwana Dunsany wa Ireland alitoa The Gods of Pegāna mwaka 1905 akiwa na miungu ambao hakuna taifa lililowahi kuwaabudu, na kitabu chake kikawa mwalimu wa waandishi wengi. Katika michezo ya mezani, Cults of Prax cha Steve Perrin na Greg Stafford, cha mwaka 1979, kilizieleza dini za nchi ya kubuni kwa upande wa waumini: nini humpasa mtu ili apokelewe, nini atakatazwa, nani atakuwa adui yake kuanzia siku hiyo. Kimetangulia kile kitabu cha alama 400 kwa mwaka mmoja, nacho kimezeeka vizuri zaidi.

Jina jipya humpa mbunifu uhuru na humpa jirani heshima. Nyoka wa mchezo asiitwe Omieri. Aitwe vyovyote, aingie kichaka kingine, katika nchi isiyo Nyakach, na ugomvi wa bibi na mhubiri ubaki kama ulivyo. Msomaji wa Nyakach atajua ametoka wapi, na hatakuwa na sababu ya kulalamika.

Kuna sababu ya pili, isiyo ya kifasihi. Kijana anayetembea na daftari lililojaa majina ya miungu na michoro ya majoka anaweza kujipata matatani. Marekani ya miaka ya 1980 ilishuhudia hofu kubwa kwamba michezo hii ni mlango wa kuzimu. Nasi tuna yetu: mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za kishetani, na ripoti yake ilipowekwa wazi mwaka 1999 ilizungumziwa katika shule na makanisa kote nchini. Daftari lenye kichwa cha habari kinachosema "mchezo", na lenye majina ambayo si ya babu wa mtu yeyote, ni rahisi kulieleza kwa mwalimu mkuu au kwa mzazi.

Kwa upande wa upatikanaji, Roscoe ndiye mwepesi kuliko wote, kwani haki za uchapishaji za kitabu chake zimekwisha na kinasomwa bure kwenye intaneti. P'Bitek, Lienhardt na Ocholla-Ayayo vitatafutwa katika maktaba za vyuo vikuu, na kwa mtu wa Pap Onditi safari ya Maseno ndiyo iliyo karibu. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, yana boma la Kijaluo lililojengwa kwa mpangilio wake, na dakika ishirini za kutazama mahali ilipo nyumba ya mke mkubwa na lilipo lango zitamsaidia mbunifu kuchora kijiji chake kuliko sura nzima ya kitabu. Mboya atahitaji kusomwa taratibu, kalamu mkononi. Maneno kadhaa ya mwaka 1938 hayasikiki tena sokoni, na yatamlazimu kijana kukaa na nyanya yake jioni moja au mbili akimwuliza moja baada ya jingine.